Liache Lango Ulivyolikuta

Lango la waya halina bawaba, halina komeo, na kwa macho ya mtu wa mjini si lango hata kidogo. Ni kipande cha uzio kilichoachwa kilegee: nyuzi tatu au nne za seng'enge zilizoshikanishwa kwa vijiti vyembamba, na mwishoni mti mmoja wa kimo cha kifua. Kwenye nguzo kuu kuna pete mbili za waya, moja chini na moja juu. Ukitaka kufungua, unaukumbatia ule mti pamoja na nguzo, bega likisukuma, mpaka pete ya juu ilegee na kuvuka kichwa cha mti. Kisha unaunyanyua mti kutoka kwenye pete ya chini na kuutembeza waya wote pembeni, bila kuuachia ujikunje, maana seng'enge ikijikunja hukamata suruali, na baada ya suruali hukamata paja. Kufunga ni kinyume chake: chini kwanza, juu mwisho, na hapo bega linadaiwa nguvu zake zote. Katika Sandhills, vilima vya mchanga vya jimbo la Nebraska nchini Marekani, safari kutoka barabara ya lami hadi kwa rafiki inaweza kupita malango manne au matano ya namna hiyo, na desturi haina utata juu ya nani anashuka garini. Anashuka aliyekaa upande wa abiria. Yaani mgeni.

Kiswahili kimemtazama mgeni kwa namna mbili. Upande mmoja, mgeni njoo mwenyeji apone. Upande wa pili, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Misemo yote miwili inasemwa kutoka kizingitini kwa mwenyeji: anachopata kwa kumpokea mtu, na anachoruhusiwa kumdai akikaa sana. Huyu anayefika hana lake la kufanya. Tunauchukulia ugeni kama hali tu, kama usingizi au mafua, humpata mtu na kumtoka. Mimi nauona ugeni kuwa ufundi. Una mbinu zake, una makosa ya mwanagenzi na makosa ya mzoefu, na nchi ya ng'ombe wakati wa kiangazi ni mahali pazuri pa kuutazama ukiwa hauna mapambo. Tunausahau, nadhani, kwa kuwa kazi ya mgeni stadi haiachi kitu cha kuonyesha. Seremala anaacha kabati. Mgeni stadi anaondoka huku lango liko lilivyokuwa, nyasi ziko zilivyokuwa, na orodha ya kazi za mwenyeji haijarefuka hata mstari mmoja.

Nimeichagua Sandhills kwa sababu ardhi yenyewe haisamehi. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000, na kila kilima ni rundo la mchanga lililoshikwa na mizizi ya nyasi. Hakuna eneo kubwa zaidi la matuta ya mchanga katika bara lote la Amerika. Chini yake kuna maji mengi, hifadhi ya Ogallala, ndiyo maana mabondeni kuna vidimbwi na malisho mabichi huku juu pakiwa pakavu. Kaunti ya Cherry peke yake, yenye zaidi ya kilomita za mraba 15,000, inalishinda kwa ukubwa jimbo zima la Connecticut, lakini sensa ya mwaka 2020 ilikuta huko watu wasiofika 6,000. (Mstari wa saa nao unaikata kaunti hiyo, kwa hiyo anayetoka mashariki akialikwa chakula cha mchana magharibi anaweza kufika saa nzima kabla ya sufuria.) Majani yakichubuka, upepo huingia kwenye ule mchubuko na kuchimba. Shimo hupanuka mwaka hadi mwaka, na wenye ranchi wamewahi kutupia humo matairi chakavu ili kuuzuia mchanga. Anayekata kona na pikapu yake juu ya kilima ili kupiga picha ya machweo anaweza kuwa ndiye aliyefungua shimo hilo. Ndiyo maana mgeni anayejua anafuata njia ileile ya magurudumu mawili waliyopita wenyeji, hata inapozunguka bila sababu anayoiona.

Lipo pia suala la kalenda, na hapa wageni wengi huanza vibaya kabla hata hawajafungasha. Shule nyingi za Marekani hufungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Agosti. Familia za mjini husafiri katika dirisha hilo. Lakini miezi hiyohiyo ndama hupigwa chapa, madume hupelekwa kwa majike, na mwezi Julai nyasi za mabondeni hukatwa, hukaushwa na kufungwa marobota ya kuwalisha ng'ombe wakati wa theluji. Wiki ya jua kavu haiahirishwi kwa ajili ya mtu yeyote, kwa sababu nyasi zilizonyeshewa zikiwa zimelazwa hupoteza virutubisho, na zikifungwa mbichi huota ukungu. Likizo ya mgeni, kwa hiyo, inaangukia katikati ya msimu wa mwenyeji. Anayekwenda akitarajia kuburudishwa amekwenda kuazima saa ambazo mwenzake hana za kuazimisha.

Turudi langoni. Sheria yake inajulikana kwa kila mtoto wa huko: ukilikuta limefungwa, lifunge, ukilikuta wazi, liache wazi. Nusu ya kwanza ni rahisi. Nusu ya pili ndiyo inayomshinda mtu mwema, kwa sababu mtu mwema akiona lango wazi hudhani kuna mzembe alipita, naye anataka kusaidia. Lakini yapo malango yaliyoachwa wazi kwa makusudi ili ng'ombe wa malisho mawili wafikie birika moja, lile linalojazwa na pampu ya upepo. Ng'ombe anayenyonyesha hunywa zaidi ya lita 60 siku ya joto kali. Likifungwa lango hilo kwa wema Jumatatu asubuhi, kufikia Jumanne kuna kundi limejipanga kwenye seng'enge likiangalia maji kwa mbali. Na lile lililopaswa kufungwa, likiachwa wazi, madhara yake hayaonekani siku hiyo wala wiki hiyo. Ng'ombe hubeba mimba siku zipatazo 283. Mwenye ranchi hutenga mitamba, majike ya uzazi wa kwanza, wakutane na madume wanaozaa ndama wadogo ili wasiteseke wakati wa kuzaa. Dume mkubwa akipita usiku wa tarehe 10 Juni, jibu lake linafika karibu tarehe 20 Machi, saa tisa usiku, kwenye baridi, ndama akiwa amekwama na mtu amepiga magoti kwenye majani makavu akivuta kwa mnyororo. Mgeni wakati huo yuko kwake mjini, na pengine anawasimulia watu kiangazi kile kilivyokuwa kizuri.

Huu ndio ugumu halisi wa ufundi huu. Mpishi huonja mchuzi wake jikoni, na mshonaji huona pindo likikaa vibaya. Mgeni hupimwa miezi tisa baadaye, hayupo, na akifaulu hakuna tukio lolote. Inamlazimu afanye vizuri jambo ambalo hataliona likifanikiwa, na alifanye kwa kumwamini mwenye mahali hata pale sababu haijaelezwa. Sijui fani nyingi zinazodai unyenyekevu wa namna hiyo kutoka kwa mtu aliyeko likizoni.

Malango yenyewe yana historia ya ugomvi. Joseph Glidden wa DeKalb, Illinois, alipata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874, na katika muda wa miaka michache tu wenye makundi makubwa walikuwa wamezungushia waya ardhi ya umma kana kwamba ni ya kwao. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku uzio huo kwa sheria ya mwaka 1885, ikapuuzwa kwa muda mrefu. Bartlett Richards, mmoja wa wamiliki wa ranchi ya Spade huko Sandhills, alitiwa hatiani kwa hila za kujipatia ardhi ya umma, akafariki mwaka 1911 kabla hajamaliza kifungo chake. Kati ya uzio na kifo hicho ilipita sheria ya Kinkaid ya mwaka 1904, iliyompa mlowezi ekari 640 badala ya 160 za zamani, kwa kukiri kwamba mchanga ule haulimiki kwa kiwango cha kawaida. Kwa hiyo lango la leo lisilo na kufuli, ambalo mgeni anafungua kwa bega lake, linatokana na mapatano yaliyofikiwa baada ya watu kupelekana mahakamani na wengine kutishana kwa bunduki. Mwenyeji anayemwachia rafiki lango hilo anamwachia kitu kizito kuliko waya.

Sasa kazi. Mahali ambapo jembe la methali linatolewa waziwazi ni kwenye kupiga chapa. Majirani hukusanyika asubuhi na mapema, hawalipwi. Wiki ijayo watakuwa kwa mwingine. Wachache walio juu ya farasi huingia taratibu kwenye kundi la ndama, hutupa kitanzi kwenye miguu ya nyuma, na kumburuta ndama mmoja mmoja hadi penye moto. Hapo wawili humpokea. Mmoja huketi chini nyuma yake, hukamata mguu wa juu kwa mikono miwili na kuuvuta, huku akiusukuma mguu wa chini mbele kwa kiatu chake. Mwingine hupiga goti shingoni na kuukunja mguu wa mbele. Kisha wanakuja mwenye chanjo, mwenye kisu, mwenye chuma cha moto. Nywele zinaungua, moshi wa manjano unanyanyuka, na kwa muda usiofika dakika mbili ndama anaachiwa na kumkimbilia mama yake. Mgeni kwa kawaida hupewa bomba la sindano au mguu wa ndama. Hapewi kamba. Kutupa kitanzi ni heshima inayotolewa kwa mwaliko, kwa kuwa mtupaji mbaya huchosha farasi, hutia kundi wazimu na kurefusha siku kwa kila aliyepo. Mgeni stadi haombi kamba, hata kama aliwahi kujifunza mahali fulani. Anasubiri, na pengine anasubiri miaka.

Watu watasema, na wana haki, kwamba msaada wa namna hiyo ni maigizo. Mtu asiyezoea hushika mguu vibaya, ndama anampiga teke la goti, na wenyeji wanasimama kumhudumia yeye badala ya ng'ombe. Si afadhali akae kivulini na kamera yake? Kuna kweli katika hoja hii, na ufundi wa ugeni haukatai kivuli. Unachokataa ni kuchagua peke yako. Mgeni anayeng'ang'ania kazi asiyoiweza ni mzigo sawasawa na yule anayekaa tu, na pengine ni mzito zaidi kwa sababu inabidi ashukuriwe. Swali la mgeni stadi ni fupi: nisimame wapi? Jibu likiwa ni kwenye sinki, kuosha sufuria za maharage ya watu thelathini, hapo ndipo mahali pake, na mara nyingi hapo ndipo pana upungufu mkubwa zaidi wa mikono, kwa kuwa wote wanatamani kuwa karibu na farasi. Zaidi ya hapo, kazi ndogo huleta mazungumzo. Watu wa nchi ile si wepesi wa kukaa sebuleni wakitazamana. Wakiwa wawili wamesimamia uzio, mmoja akishika waya na mwingine akipiga kikulabu, ndipo husikika kwamba mama mzee anaumwa, au kwamba kijana hataki kurudi kutoka chuoni. Aliyebaki kivulini hatasikia hayo, wala asilaumu urafiki kwamba umepoa.

Ulimi nao una lango lake. Swali ambalo mtu wa mjini huliuliza kwa nia njema kabisa, akitafuta la kuongea, ni hili: mna ng'ombe wangapi hapa? Kwa mwenye ranchi hilo ni sawa na kuulizwa ana kiasi gani benki. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa sana. Miongoni mwa wafugaji wa kwetu vilevile wapo wasiopenda kuhesabiwa mifugo yao hadharani, na mtu mwenye adabu huuliza malisho yakoje, mvua imenyesha lini, ng'ombe wako wazima? Kwamba watu wa vilima vya Nebraska na wa nyanda za Umasaini wamefikia adabu moja bila kuambiana hakunishangazi. Mali inayotembea kwa miguu yake, inayoweza kufa kwa ukame wa msimu mmoja, haimfanyi mwenye nayo apende tarakimu. Mgeni akiuliza habari za nyasi, atajibiwa kwa nusu saa, na ndani ya nusu hiyo atakuwa ameambiwa yote aliyotaka kujua.

Hoja nyingine nzito ni ya fedha. Kwa nini mtu ajitaabishe na ufundi huu wakati ranchi za watalii zipo? Zina historia ndefu. Ndugu wa ukoo wa Eaton walikuwa na ranchi karibu na Medora, Dakota, katika miaka ya 1880, na marafiki wao wa mashariki walifika kwa wingi na kukaa muda mrefu kiasi kwamba ukarimu ulianza kuwafilisi. Ndipo wakaanza kupokea malipo. Mwaka 1904 wakahamia Wyoming, ambako ranchi yao ikawa maarufu kwa wageni, na kufikia 1926 wenye ranchi za aina hiyo walikuwa na chama chao. Sina ugomvi nao. Ila chimbuko la biashara ile linasema jambo: malipo yalianza pale ugeni uliposhindwa. Wageni hawakujua kuondoka, hawakujua kushika kazi, na njia ya heshima iliyobaki ilikuwa kuwatoza. Anayelipa hununua, pamoja na kitanda na farasi mpole, ruhusa ya kutojua. Nyuma yake kuna kijana anayelipwa kwenda kufunga malango. Ni mpango wa haki kabisa, lakini aliyenunua ruhusa hiyo hawezi kusema amemtembelea mtu.

Linabaki pingamizi ambalo siwezi kulipita haraka. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwaachia Walakota, wenyeji wa asili wa nyanda hizo, haki ya kuwinda kaskazini ya mto North Platte, yaani ndani ya vilima hivihivi. Leo maeneo yao ya Rosebud na Pine Ridge yako ng'ambo ya mpaka, South Dakota, na vilima ni malisho ya watu wengine. Kwenye kaunti ya Cherry kulikuwa pia na DeWitty, makazi ya walowezi weusi yaliyoanzishwa mwaka 1907 chini ya ile sheria ya Kinkaid; nayo hayapo tena. Kwetu Afrika Mashariki, Laikipia inasimulia jambo la namna hiyo: Wamasai walihamishwa kwa makubaliano ya mwaka 1911 na ranchi zikaenea walikotoka. Je, kumsifu mgeni anayefunga lango vizuri si kuusifu uzio, na waliouweka? Nakiri kwamba adabu inaweza kuwa njia ya kunyamaza. Lakini ukiitazama ile kanuni, ukilikuta wazi liache wazi, utaona kwamba inawashitaki wa kwanza kuivunja. Waliofika na seng'enge walikuta nchi haina lango, wakafunga, huku watu na nyati wakiondolewa. Mgeni wa leo anayeujua ufundi wake anaijua na hesabu hiyo. Sisemi amhubirie mwenyeji mezani wakila viazi. Huo nao ni utovu wa adabu, na mara nyingi mwenyeji anaijua historia ya shamba lake kuliko aliyeisoma kwenye ndege. Nasema asishiriki kuisahau. Akiulizwa na mtoto wa nyumba hiyo kwa nini mto fulani wa huko una jina la Kilakota, ajibu.

Wapo watakaosema urafiki wa kweli hauna itifaki, na kwamba kwa rafiki mtu huvua viatu na kujilaza. Naam, ajilaze. Mezani jioni, kichwani vumbi, hakuna anayepima namna anavyoshika uma. Lakini raha hiyo ya jioni imelipiwa mchana kwa mambo madogo yaliyofanywa sawasawa, na mwenyeji anaweza kulegea kwa sababu halazimiki kuwasha tena gari kwenda kukagua lango la nne kwa tochi. Ukiangalia vizuri, ni yeye anayevua viatu.

Machi ikifika Sandhills, theluji bado haijaisha. Mwenyeji hutoka kila baada ya saa chache kuzunguka zizi la mitamba, anamulika, anasikiliza, anarudi ndani. Ndama wanakuja kwa siku zilizotarajiwa na kwa ukubwa uliotarajiwa, na hakuna anayempigia simu mgeni wa Juni kumweleza hilo. Simu inalia mwishoni mwa Mei: tunapiga chapa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, kama utakuwa na nafasi.